Picha Iliyozinduliwa Ikiwa Imefunikwa

Nchi ninayoisimulia ipo, na ramani yake ninayo ofisini kwangu, ila siwezi kuwaonyesha kwa sababu bado imefunikwa ikisubiri mgeni rasmi. Nikisema hivyo, watu wa nchi nyingine hucheka. Wacheke tu. Kwao hakuna itifaki, ndiyo maana kila mtu anaangalia chochote kinachopita mbele ya macho yake.

Mimi ni Afisa Itifaki katika Idara ya Uzinduzi, Wizara ya Sanaa na Mapambo ya Taifa. Kwetu kitu hakihesabiki kuwa kipo mpaka kizinduliwe. Kisima kikichimbwa, maji yanatoka, lakini kisheria hayanyweki mpaka kiongozi akate utepe na kunywa glasi ya kwanza huku akipigwa picha. Choo cha shule ya msingi jirani na kwangu kilimsubiri Mkuu wa Wilaya muhula mzima. Watoto walivumilia kizalendo, na siku kilipozinduliwa walipiga makofi ya dhati kuliko yote niliyowahi kuyasikia.

Upande wa sanaa tulikuwa nyuma kidogo. Mchoraji alikuwa akimaliza picha leo anaitundika leo, na mpita njia yeyote anaiangalia, hata asiye na wadhifa. Jambo hilo lilituumbua siku ya sanamu ya Mwananchi Mwenye Furaha, iliyosimamishwa kwenye mzunguko wa barabara kuu. Waziri alichelewa majuma kadhaa, na alipofika kuizindua, watu walikuwa wameshaizoea kiasi kwamba mama mmoja alikuwa ameanika mashuka kwenye mkono wa Mwananchi. Hakuna aliyepiga makofi. Waziri alirudi ndani ya gari akiwa na uso ambao sitaki kuuona tena.

Mwezi huohuo ikatoka Sheria ya Kufunika. Kazi yoyote ya sanaa, iwe ukumbini, ofisini au chumbani kwa mtu, ifunikwe mara rangi inapokauka mpaka ifunuliwe na mgeni rasmi. Anayeiangalia kabla amemtangulia kiongozi, na kumtangulia kiongozi ni kosa la jinai. Kazi yangu mimi ni vitambaa. Nafunika, napiga lakiri ya Wizara kwenye pembe zote, halafu nasubiri. Naipenda kazi yangu na sitamwonea mtu haya kusema hivyo.

*

Sasa niwaeleze habari za Siwema, maana ndiye aliyenikosesha raha.

Siwema ni mchoraji, na ni msanii mkaazi wa Jumba la Sanaa za Kisasa, yaani anacho chumba cha kuchorea nyuma ya jengo na ufunguo wa jengo. Jumba hilo limejengwa pale lilipokuwa Soko la Magunia. Wachuuzi wa sokoni walihamishiwa ng'ambo ya daraja, kwenye uwanja mzuri sana, wenye hewa safi na mandhari, uliokosa wateja tu. Mama yake Siwema, Bi Mashavu, aliuza mchicha na matembele katika soko lile tangu Siwema hajazaliwa. Meza iliyofuata ilikuwa ya rafiki yake, Tunu. Waligombania wateja kila asubuhi na kula sahani moja kila mchana.

Tunu hakukaa sana ng'ambo ya daraja. Aliugua, akafariki, na haikupatikana hata picha moja yake, kwa kuwa kila alipoona kamera alijifunika uso kwa mtandio akasema leo hajapendeza.

Basi Siwema akalichora soko lote kwa kumbukumbu, turubai la ukuta mzima, na katikati yake akamweka Tunu. Haya nayasema kwa kusikia. Mimi niliifunika picha nikiwa nimefumba macho, kama tulivyofundishwa chuoni, na nikajigonga kwenye ngazi.

Kesho yake Bi Mashavu akaja ukumbini, akishikilia ukuta kama mtu anayepanda kilima.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona Tunu."

"Bado hajazinduliwa."

"Nani, Tunu?"

"Picha, mama."

Akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa. "Sikiliza, mwanangu. Kisukari kimeshakula macho yangu. Daktari kaniambia nyuma ya jicho kumeharibika, hapatengenezeki, na kila mwezi ukungu unazidi. Duka linafungwa. Kabla halijafungwa nataka nimwone Tunu mara moja tu, nina maneno naye. Huyo mgeni wenu anakuja lini?"

Nikamjibu kwamba mgeni rasmi yuko njiani. Hilo ndilo jibu letu rasmi, na ni la kweli, kwani hakuna mtu ambaye hayuko njiani kwenda mahali fulani.

Siwema naye alijaribu kumchorea mama yake Tunu mdogo, wa karatasi, nyumbani kwao. Wino haujakauka, mjumbe wa mtaa akagonga mlango akiwa na taulo la kuifunikia. Niliandika barua ya kumpongeza mjumbe huyo.

*

Mgeni wa kwanza kupangwa alikuwa Naibu Waziri. Akaenda ziara ya mafunzo nchi ya theluji, kujifunza jinsi wenzetu wanavyofunika. Wa pili alikuwa Waziri mwenyewe. Alifika hadi getini, akakuta zulia jekundu limeishia hatua moja kabla ya mlango, akageuza msafara. Mimi nilimuunga mkono, zulia ni zulia.

Wakati tunasubiri, soko la sanaa likachangamka kuliko wakati mwingine wowote katika historia yetu. Aliyelichangamsha ni Bwana Kisimbo, dalali wa viwanja aliyehamia kwenye sanaa za kisasa bila kubadilisha msamiati. Alikuwa akiwasimamisha matajiri mbele ya kitambaa na kuwaambia, "Bosi, hii iko barabarani kabisa. Haina mgogoro, haijaguswa, jirani yako ni Benki Kuu."

Bwana Kisimbo ndiye aliyegundua siri ya biashara. Bei ya picha hutegemea nani kaizindua. Picha iliyozinduliwa na Mkuu wa Wilaya haipandi tena, itabaki ya wilaya mpaka mwisho wa dunia. Iliyozinduliwa na Waziri ni nzuri, ila ina hatari zake: Waziri wa zamani alipotenguliwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, watu waliokuwa na picha alizozizindua walizitoa sebuleni kabla ya utabiri wa hali ya hewa. Lakini picha iliyofunikwa, ambayo haijazinduliwa na mtu, inaweza siku moja kuzinduliwa na yeyote. Inaweza hata kuzinduliwa na Mtukufu Rais. Kwa hiyo matajiri wakaacha kabisa kununua picha zinazoonekana.

Wasanii wakaelewa haraka. Wapo walioanza kutumia muda mwingi kuchagua kitambaa kuliko kuchora. Inasemekana wapo walioleta fremu tupu, lakini huo ni umbea, kwani hakuna njia halali ya kuhakikisha. Mhakiki wa gazeti la Serikali aliandika makala ndefu kuhusu kazi moja, akasema mkunjo wa kushoto unahoji ukoloni mamboleo na ule wa kulia unajibu. Niliisoma kwa fahari, maana mikunjo ile niliikunja mimi.

Kazi ya Siwema ilikuwa kubwa kuliko zote, na imekaa chini ya kitambaa muda mrefu kuliko zote, basi ikawa ya thamani kuliko zote. Wageni walitoka nchi za nje kuja kusimama mbele yake na kuvuta pumzi. Bwana Kisimbo alimfuata Siwema hadi chumbani kwake.

"Dada, niuzie. Jina lako litafika mbali."

"Hiyo si ya kuuza. Nataka ifunuliwe, mama yangu aione."

"Ifunuliwe?" Kisimbo akaketi. "Dada yangu, usiseme maneno hayo mbele ya watu. Utaporomosha soko."

Siwema akaja kwangu. Akaomba mgeni rasmi wa ngazi yoyote, hata mwenyekiti wa mtaa, hata katibu wa chama cha wapenda ndege. Nikamweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Kutokana na thamani yake, Wizara ilikuwa imeipandisha picha hiyo daraja, na sasa mtu pekee aliyestahili kuifunua ni Mtukufu Rais.

"Na mama yangu?"

"Atapata kadi ya mwaliko," nikasema, na nilidhani nimempa zawadi.

*

Mtukufu Rais akaja.

Siku hiyo sitaisahau. Barabara zilifungwa tangu alfajiri, miti ilipakwa chokaa, na twiga wa plastiki waliazimwa kutoka hoteli moja ili kuleta utamaduni. Bi Mashavu alikuja na wanawake wenzake wote wa Soko la Magunia, wamevaa vitenge vya sare. Niliwapa viti nyuma ya bendi ya matarumbeta. Kwa mtazamo haikuwa sehemu nzuri sana, lakini kwa sauti hakuna aliyekaa vizuri kuliko wao.

Kila msemaji alianza kwa kusema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kwa kutaja majina yote. Mtukufu Rais akahutubia. "Ndugu wananchi," akasema, "wapo wanaouliza sanaa ni nini. Mimi nawajibu: sanaa ni sanaa kwa sababu Serikali yenu imeamua kuithamini. Zamani mlikuwa mnaangalia picha kiholela. Leo mnazisubiri. Hayo ndiyo maendeleo." Nililia kidogo, nakiri.

Kisha akasogea ukutani. Kando ya picha ya Siwema lilikuwepo jiwe la marumaru la uzinduzi, nalo lilikuwa na pazia lake dogo la dhahabu. Mtukufu Rais akavuta kamba. Pazia likafunguka, na jina lake likatokea kwa herufi zinazong'aa. Makofi yakapigwa, bendi ikapuliza, vigelegele vikapaa, Mtukufu Rais akapunga mkono, akaingia garini, msafara ukaondoka.

Vumbi lilipotulia, Siwema alikuwa bado amesimama mbele ya kitambaa.

"Na picha?" akamuuliza Mkurugenzi wetu, mtu msomi sana, mwenye shahada ya kukata tepe.

"Imezinduliwa. Hongera."

"Imefunikwa, Mkurugenzi."

"Ndiyo. Imezinduliwa ikiwa imefunikwa."

"Basi sasa tuifunue."

Mkurugenzi akamtazama kwa huruma. "Binti, ukiondoa kitambaa hicho sasa, utakuwa unasema Mtukufu Rais hakuizindua. Je, unasema hivyo?"

Hakuna anayejibu swali hilo.

"Na ukitaka izinduliwe mara ya pili," Mkurugenzi akaendelea, "nitajie mtu aliye juu ya Mtukufu Rais, nimwandikie."

Gazeti la jioni likaandika kwamba wananchi walistaajabia rangi za picha hiyo. Bi Mashavu aliposomewa akauliza ni rangi gani. Gazeti halikuzitaja.

*

Asubuhi iliyofuata nilipofungua ukumbi, nilipatwa na mshtuko. Siwema alikuwa amechora soko zima juu ya kitambaa changu. Nilifumba macho, lakini nilichelewa kidogo, nikaona gunia na mguu wa mtu.

Wizara ikaitisha kikao cha dharura. Sambusa ziliisha kabla hatujafikia muafaka. Mwanasheria alisema kitambaa ni mali ya Serikali, rangi ni mali ya msanii, na lakiri haikuvunjwa, hivyo hakuna kosa. Mkurugenzi akasema kama hakuna kosa basi kuna kazi ya sanaa, na kama kuna kazi ya sanaa ambayo haijazinduliwa, ifunikwe. Uamuzi huo ulipigiwa makofi. Nikachukua kitambaa kipya, nikafunika kitambaa cha zamani.

Bi Mashavu alifika nikiwa napiga lakiri ya mwisho. Alikuwa amevuka daraja kwa miguu, taratibu, kwa kupapasa kingo.

"Leo tena?" akauliza.

"Leo tena, mama."

Akanusa hewa. "Rangi mbichi. Amemchora?"

Nikaendelea kupiga lakiri, kwani kueleza kilichomo kwenye kazi isiyozinduliwa nako ni kosa.

Siwema akachora kitambaa kipya. Nikakifunika. Akachora na hicho. Kwa kila kitambaa wanawake walipungua na nyuso zikawa kubwa. Kwanza soko lote, baadaye safu moja ya meza, baadaye wanawake wawili tu, mmoja akiwa mama yake. Nilizidi kuchelewa kufumba macho. Nadhani ni umri. Bwana Kisimbo alifurahi kupita kiasi. Alikuwa akiwaleta matajiri na kuwaambia kazi imepandishwa ghorofa na inaruhusiwa kuendelea juu. Na kila mara Bi Mashavu alifika nimeshamaliza, kwa sababu mimi naendesha pikipiki ya Serikali na yeye anapapasa daraja.

Siku moja Siwema alinikuta stoo nikikata satini. Hakugombana nami. Ningependa angegombana.

"Afisa," akasema, "jana mama ameliamkia friji. Alidhani ni shangazi. Sasa anaona vitu vikubwa tu, na vyenyewe kwa shida. Juma lijalo sijui."

"Mimi natekeleza maagizo," nikamwambia.

"Najua. Nilitaka tu ujue unatekeleza nini."

Akaondoka. Nilikata satini vibaya siku ile, ikanibidi nianze upya, na hilo lilinikera sana, maana satini ya Serikali si ya kuchezea.

*

Mkurugenzi akachoka. Akaniagiza nifike ukumbini kabla jua halijachomoza, nikae hapo, na chochote kitakachochorwa nikifunike papo hapo kabla hakijaangaliwa na raia. Nikaamka mapema kuliko nilivyowahi kuamka katika utumishi wangu, nikapanda pikipiki na kitambaa kikiwa begani, nikafika nikiamini kwamba hakuna mtu.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Wanawake wa Soko la Magunia walikuwa wakiamka saa hizo maisha yao yote, kuwahi magari ya mboga. Ni sisi wa itifaki tunaojua kuchelewa. Niliwakuta wote wamekaa sakafuni ukumbini, wamejitanda kanga, na mbele yao Bi Mashavu kwenye kiti changu. Siwema alikuwa juu ya ngazi, akizima taa kwa kuwa kulikuwa kumeanza kupambazuka na mwanga wa dirishani ulitosha.

Kitambaa chote, kutoka sakafuni hadi dari, kilikuwa uso mmoja. Safari hii sikufumba macho kabisa. Ulikuwa uso wa mwanamke mwenye mashavu makavu na pengo la jino la mbele, mtandio umeteleza hadi begani, amekasirika kidogo, na amependeza.

Bi Mashavu alikuwa ameinama mbele, shingo ameinyoosha. Alisogeza kichwa kushoto, akasogeza kulia, akitafuta mahali ambapo ukungu ni mwembamba. Kisha akatulia.

"Ndiye," akasema. "Mwone anavyonitazama. Kama nimemwibia mteja."

Wanawake wakacheka, wengine wakajifuta macho kwa ncha za kanga. Bi Mashavu akaanza kuzungumza na ukuta, kwa sauti ya chini, kama watu wa meza jirani wanavyozungumza biashara ikiwa imelala. Yale maneno aliyosema anayo naye, alikuwa nayo mengi. Sikuyasikiliza.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Mkurugenzi.

"Umefika?"

"Nimefika, Mkurugenzi."

"Kuna kitu kipya ukutani?"

"Kipo."

"Umeshafunika?"

Nikamtazama Bi Mashavu. Alikuwa ameinua kidole, anamkumbusha Tunu jambo fulani la zamani kuhusu fungu la matembele.

"Bado, Mkurugenzi. Mgeni rasmi hajamaliza kuangalia."

"Mgeni rasmi gani? Mbona ofisi yangu haina taarifa?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikazima simu. Kisha nikatafuta nafasi sakafuni kati ya wale wanawake, nikakaa na kitambaa changu mapajani.